Jezi Moja ya Nyumba Yetu

Sisi mashabiki wa Kashai tuna kanuni moja: asiye na rangi ya chungwa ya timu hapandi lori la kwenda mpirani. Jezi, kanga, kilemba, hata beseni la plastiki kichwani, mradi liwe chungwa. Mwenyekiti wetu, mama muuza senene wa kukaanga, ndiye husimama nyuma ya lori kukagua, na kwa kazi hiyo hana ndugu wala rafiki. Aliwahi kumshusha mume wake kwa sababu ya shati la bluu. Tulicheka mpaka machozi. Mume alitufuata kwa bodaboda, amenuna.

Baba yangu, huko Kishanda, alikuwa shabiki wa namna hiyo. Jezi yake ilikuwa moja tu, niliyomnunulia mimi, na aliivaa mgombani, kanisani, hata siku ya kupeleka posa ya kaka yangu, jambo lililomuudhi mama mno. Timu ikicheza mjini, wote wawili walikuja kulala kwangu Kashai. Mama alijidai mpira haumhusu, lakini mwamuzi akikosea yeye ndiye wa kwanza kusimama.

Baba alifariki mwaka jana, timu ikiwa imebakiza mechi chache. Nilifika nyumbani nikakuta jeneza limeshafungwa, nikamuaga kupitia kile kioo kidogo, uso tu. Baada ya mazishi niliitafuta jezi yake sandukuni, kwenye kamba, chini ya kitanda. Haikuwapo. Nilijua fika ni baba mdogo kaichukua, maana siku zote aliitamani. Nilimnunia mpaka akashangaa. Mama nilimwuliza, akanijibu kwa kunibembeleza, "Achana nayo, waitu."

Kisha timu ikaingia fainali, uwanja wa Ngenge, na lori letu lingepita Kishanda. Mama akasema anakwenda. Alisema baba hakuwahi kukosa fainali, na ni lazima mtu aende akaione ili amsimulie. Lakini alikuwa bado na nguo nyeusi za msiba, na arobaini ilikuwa haijafika. Baba mdogo alimruhusu kwa sharti moja: nguo hizo asizivue wala asizifunike. Mama mwenyewe hakuwa na nia ya kuzivua. Mimi nikabaki na hofu ya mwenyekiti.

Lori lilifika Kishanda likiwa limejaa ngoma na vuvuzela. Nilipanda na jezi yangu. Mama akasogea na nguo yake nyeusi, na mwenyekiti akamzuia kwa mkono.

"Pole sana kwa msiba, mama. Lakini nikikuachia wewe, kesho watapanda na makoti. Chukua kanga hii ya chungwa, jifunge tu begani."

"Asante, mwanangu. Siwezi. Nipo msibani."

"Basi ile jezi ya mzee? Ishike tu mkononi, hata usiivae."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ya baba mdogo na wizi wake.

"Ile ameivaa mwenyewe," alisema mama. "Walimletea suti nikaikataa. Nilimvalisha jezi yake, nikamfunika shuka mpaka kidevuni ili wasinisumbue."

Nililia waziwazi, kwa uchungu na kwa aibu ya kumnunia mtu wa watu. Mwenyekiti alishuka, akamshika mama mkono, akampeleka mbele na kumwambia dereva, "Huyu anakaa na wewe. Sare ya nyumba yao nimeshaikagua."

Uwanjani sote tulikuwa chungwa tupu, na mama katikati yetu na weusi wake, akimfokea mwamuzi. Tulifungwa, tena vibaya.

Jioni tuliporudi Kishanda, kabla hajaingia ndani, mama alipita kaburini. Nikamsikia akimwambia baba kwamba tumeshinda.