Umeme wa Sadala

Nilianza kumshuku Bi Mwantum kwa sababu ya simu. Nyumba yake ina nyaya zilizotoka kwenye nguzo ya barabarani hadi paani, ina taa, ina mita ya luku, ule umeme wa kulipia kabla, ukumbini, lakini kila baada ya siku mbili ananiletea simu yake nimchajie. Mwalimu hazuiliki kuuliza. Nikamuuliza umeme wake una nini.

"Wangu haujambo, mwalimu. Wako je?"

Hapo nikajua kuna jambo.

Hapa Nyamwage tunapakana ua kwa ua tangu nilipohamishiwa kutoka kwetu Mbinga kuja kufundisha. Bi Mwantum ni mjane, mkulima wa mpunga, mwenye miaka sitini na kitu na ulimi mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Alisoma ngumbaru, na namba anaziandika kwa mwandiko ambao ungewatia haya wanafunzi wangu wa darasa la saba. Ana mtoto mmoja tu, Sadala, karani wa ghala huko Kurasini, Dar es Salaam.

Sadala ndiye aliyemwingizia umeme. Wakati ule hapa kwetu hapakuwa na pa kununulia luku. Alikuwa ananunua Dar, anakunja karatasi yenye zile namba ishirini za kubonyeza kwenye mita, anaitia katika pochi, na kila mwisho wa mwezi anapanda basi kuileta. Mita waliifunga juu, kwa hiyo kila safari Sadala alisimama kwenye kigoda, mama yake akamsomea namba, yeye akabonyeza. Taa ikiwaka walianza kutaniana mpaka sisi majirani tukacheka bila kualikwa. Walikula wali kwa kambale, Sadala akalala, na kesho yake akaondoka na mchele, nazi, na nasaha za kumtosha mwezi mzima.

Halafu benki yake ikaleta huduma ya kulipia bili kwa mtandao. Sadala akawa anakaa ofisini, anabonyeza kompyuta, na namba ishirini zinamfikia mama yake kwa ujumbe wa simu kabla chai haijapoa. Alipokuja kutueleza nilimsifu sana. Nikasema dunia imekuwa kiganjani. Hiyo ilikuwa 2012, na tangu siku ile umeme ukawa unakuja bila Sadala.

Sasa turudi kwenye simu. Siku moja nilimpelekea mwenyewe ikiwa imejaa chaji, nikaona kiu, akaniambia niingie ndani nijichotee maji. Nikafungua friji. Ndani mlikuwa na khanga zilizokunjwa vizuri na mkeka wa kuswalia. Nikabonyeza swichi ya taa, kimya. Pembeni ya mita, kwenye msumari, palining'inia daftari. Nikalifungua, maana mimi mambo ya watu hayanipiti. Namba ishirini, ishirini, ishirini, kila mstari na mwezi wake. Mistari kumi na minne.

"Bi Mwantum! Huu wote ni umeme?"

"Ndiyo, umeme."

"Mbona hujauingiza?"

"Umeme wa Sadala anauingiza Sadala."

Nikamwambia huo ni ukaidi, na mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Mtoto analipa kila mwezi, yeye anakaa na kibatari na macho yenyewe ndiyo hayo! Hakunikasirikia. Aliendelea kuchambua mchele wake.

"Mwalimu, mie sikuzaa benki," alisema. "Kila mwezi inanletea salamu, ati ahsante kwa kutumia huduma zetu. Namshukuru Mungu, mwanangu hajansahau. Lakini ile siku ya karatasi nilikuwa namwona. Naona kama kakonda, naona kama shati halijafuliwa. Sasa hizo namba zinanambia nini?"

"Umewahi kumwambia aje huku?"

"Hata siku moja. Mama haombi kuonwa. Mie nangoja. Siku akija ataliona giza, atapanda kigoda chake, ataingiza wa miezi yote. Tutakesha!"

Nilirudi kwangu nimenyong'onyea. Marehemu mama yangu nilikuwa nikimtumia pesa kila mshahara ukitoka, wala sikuchelewa hata mwezi mmoja, na msibani kwake nililitaja hilo kwa majivuno. Leo ningetoa mishahara yote ile nimwone anatoka tu jikoni kwake.

Basi kiherehere kikanishika, nikampigia Sadala. Alishtuka kwelikweli. Sadala si mtoto mbaya, nataka hilo lieleweke.

"Lakini nalipa kila tarehe mbili, mwalimu! Benki inanipa risiti!"

Nikamweleza kigoda, daftari, friji la khanga. Nikawa nangoja aseme neno moja tu, nakuja.

"Naomba umwingizie wewe, mwalimu," akasema. "Mama mkaidi, unamjua. Mwezi ujao mambo yakikaa sawa, nitajitahidi kuja."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, Sadala."

Akacheka, akanishukuru kana kwamba nimekubali. Na kweli nilikubali. Nilifikiria kile kibatari, na moshi wake, na mama wa watu anayepapasa ukuta. Nikajiona nafanya wema.

Jumapili nikitoka kanisani nilimkuta Bi Mwantum uani anapepeta mpunga. Nikamwambia naingia kuazima kikombe. Nikapanda kigoda, nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, nikabonyeza namba ishirini moja baada ya nyingine. Mita ikalia. Mara taa ikawaka, pangaboi likaanza kuzunguka na kumwaga vumbi, na redio, ambayo nadhani haikuzimwa tangu umeme ulipoisha, ikaanza kuimba taarabu kwa sauti ya juu.

Ungo ukaanguka huko uani.

"Sadala!" Nikasikia miguu inakimbia, miguu ya mtu mwenye magoti mabovu. "Wee mtoto, unaingia hata hodi hupigi! Umekuja, baba? Umekuja?"

Akatokea mlangoni, makapi ya mpunga yamemjaa mikononi, anacheka. Akaniona mimi juu ya kigoda. Akanipita. Akaenda kuchungulia chumba cha Sadala, akatazama na nyuma ya mlango, kisha akarudi ukumbini taratibu, akazima redio.

"Yeye ndo kakutuma?"

"Ndiye, Bi Mwantum."

Alikaa kitini akaitazama taa muda mrefu, akipangusa mikono yake kwenye khanga.

"Basi mpigie," alisema, "umwambie umeme umewaka. Sasa hana tena la kumleta."