Pikapu Iliyogoma Mbele ya Tajiri

Siku yangu ya kwanza karakana nilifungua boneti ya gari lililogoma, na Fundi Mkuu akaifunga papo hapo, nusura anibane vidole.

"Mimi umeniamkia, gari hujalisalimia," akafoka. "Piga stata kwanza. Sikiliza."

Ninyi vijana wa kuchomeka kompyuta mtanicheka, lakini sisi tulitumia masikio. Stata ikilia "tik" tu na taa zikififia, ni betri: imeisha chaji, au vichwa vyake vimeota unga mweupe na waya haushiki. Ikiizungusha injini vizuri na bado haiwaki, achana na betri. Tafuta mafuta au moto. Mafuta utayajua kwa pua. Pasiponuka petroli, pampu haisukumi au chujio limeziba. Ikinuka, basi kinachokosekana ni moto, yaani cheche ya plagi. Hayo alinifundisha Fundi Mkuu, mzee wa Kisukuma mkali kama pilipili, na nilimpenda kuliko baba mdogo aliyenilea.

Karakana yetu ilikuwa ya shirika la umma, ufukweni mwa ziwa, upande wa Nyegezi. Miaka ya tisini mashirika yakaanza kuuzwa, na Meneja akatukusanya.

"Kuna tajiri anakuja kununua magari na karakana," alisema. "Atabakiza fundi mmoja tu. Mniwie radhi."

Sote tulijua huyo mmoja ni Fundi Mkuu. Mimi nilikuwa na watoto wawili na mume sina. Niliogopa sana.

Asubuhi ya ukaguzi, madereva walichota maji ya ziwa kwa ndoo wakaiosha pikapu, na kwa nia njema wakaimwagia hata injini ili ing'ae. Tajiri akapanda, akapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, haikuwaka. Akarudia, harufu ya petroli ikatanda. Fundi Mkuu aliinama kwenye boneti, akatazama, kisha akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Hapa mimi nimeshindwa," akasema, wote wakisikia. "Binti, hebu tazama wewe."

Nilifungua kifuniko cha distributa, kile kinachogawa moto kwenye plagi. Ndani mlikuwa na matone ya maji. Nikayafuta kwa upindo wa khanga, nikakausha na nyaya.

"Piga, bosi."

Ikawaka mara moja.

"Huyu ndiye atakayebaki," tajiri akasema.

Nilimkimbilia Fundi Mkuu hadi getini, nikilia. "Mzee, ulijua! Si wewe uliyenifundisha?"

"Uzee huo, mwanangu. Pua hainusi tena." Akanitazama kwa ukali wake ule ule. "Rudi kazini, bosi wako anakuangalia."

Akaenda kwao kulima, hakushika spana tena. Mimi nilibaki pale hadi nikastaafu. Watoto wamesoma, na siku ya kuniaga wafanyakazi wenzangu walinipigia makofi. Yeye hakupigiwa na mtu. Bado wapo wenzetu wa zamani wanaosimulia kwa kicheko kwamba yule mzee alishindwa na pikapu iliyoingia maji. Magoti yananiuma siku hizi, lakini hilo nikilisikia, nasimama kulijibu.