Bolti Nne za Sanduku la Vifaa

Hebu mwone fundi bomba huyu akiingia uani kwake na pikapu yake kuukuu, Jumapili mchana. Anaendesha pole pole kama aliyebeba mayai, lakini akikata kona tu, kule nyuma sanduku lake la plastiki la vifaa linateleza na kujipigiza ubavuni, gwaa. Anafumba macho. Pembe moja ya sanduku imeshapata ufa.

Zamani halikuteleza. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, alikuwa akikaa nyuma, miguu kaikita juu ya kifuniko. Fundi alizoea kumtania kwamba amemwajiri kama kamba, na kamba haiombi chai. Sasa mdogo mtu kapata kazi kiwandani, mwendo wa siku mbili kwa basi, na mkewe na watoto wamemfuata. Fundi hakuoa. Chumba walimokuwa wakilala wale kimebaki na misumari ya kutundikia nguo tu.

Juzi mdogo wake alipiga simu. Baada ya salamu akauliza siku hizi nani analishika sanduku, akaongeza kwamba kama kaka anahangaika, yeye ataacha kazi arudi. Na huyo hana masihara. Akisema narudi, mabegi yako mlangoni. Fundi akajikuta anasema, "Nimeshalifunga kwa bolti, bwana. We tulia na kazi yako."

Alikuwa hajafunga hata moja.

Ndiyo maana leo kavua shati. Alichungulia kwanza chini ya gari, asije akatoboa bomba la breki, akatia alama kwa chaki, akatoboa. Plastiki ukiikaza hivi hivi hupasuka, basi akakata vipande vinne vya kandambili iliyochakaa, akaviweka chini ya vichwa vya bolti pamoja na washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu. Mpaka hapo mambo yalikwenda.

Shida ikaja kwenye kukaza. Bolti za namna hii zinataka watu wawili: mmoja juu anazungusha, mwingine kalala chini kashika nati. Akizungusha juu, nati nayo inazunguka. Akishuka kuikamata, juu hakuna mtu. Akapanda, akashuka, akapanda. Mara ya nne, kalala chali, mchanga umemwingia masikioni, akasema kwa mazoea, "Haya, kaza."

Akasubiri. Kuku wa jirani akapita.

Mwishowe akaifunga spana kwa waya kwenye fremu ya gari, ikaing'ang'ania nati, naye akapanda kukaza. Bolti moja, fungua waya, hamisha, funga tena. Kazi ya robo saa ikala mchana wote. Lakini alipolitikisa sanduku kwa mikono miwili, lilitikisika gari zima.

Akapiga picha, akamtumia mdogo wake. Simu ikaita papo hapo.

"Kazi safi, kaka. Sasa chini nani alikushikia spana?"

Fundi akautazama waya uliokuwa bado mkononi. Akiutaja, mdogo wake atajua kwamba kaka yake hana hata mtu wa kumshikia nati, na ile kazi ya kiwandani itakuwa imekwisha. Akimsingizia jirani, atakuwa amemdanganya ndugu yake mara ya pili. Na nikwambie ukweli, kuna upande wa moyo wake uliotamani sana kuutaja.

"Kaka, upo?"

Wewe ungekuwa yeye, ungemjibu nini?