Kofia ya Baba Katika Klabu ya Gofu

Sijawahi kucheza gofu. Mara moja nilipewa fimbo nijaribu, nikapiga udongo, mpira ukabaki palepale ukinitazama. Hata hivyo ndimi niliyeandika historia ya klabu moja ya gofu nje kidogo ya mji, maana kwetu mtaa wa Kuze mtu akishastaafu ukarani wa bandari ya Kilindini, na akawa na miwani, huhesabiwa mwandishi.

Wanachama walinipa makabrasha ya mikutano ya zamani, na chai juu yake. Nilisoma miezi mitatu: nani alichukua kikombe, ng'ombe wa nani waliingia uwanjani, na mnazi ulioziba njia ya mpira hata ukajadiliwa vikao vinne. Kusema kweli nilikuwa nikitafuta jambo moja tu. Zama za Wazungu baba yangu alikuwa karani pale. Siku moja katibu alimwamuru avue kofia kila aingiapo ofisini. Kwetu mtu huvaa kofia kwa heshima ya watu, haivui. Baba aliweka funguo mezani akarudi nyumbani kwa miguu. Hakupata tena kazi ya kalamu. Aliuza vitunguu sokoni Marikiti mpaka mgongo ukapinda, na sisi watoto tulikula vile vilivyoanza kuoza.

Kwenye makabrasha hapakuwa na hata mstari mmoja juu yake. Mama, ambaye sasa macho yamemtupa mkono, alitaka jambo moja tu kabla hajafa: habari ile isomwe kwa sauti mlemle ndani ilimotokea. Nikaiandika ukurasa mzima. Nilipomaliza nililia, kwanza kwa ajili ya baba, kisha kwa uzuri wa maandishi yangu mwenyewe.

Alasiri ya kuwasomea wanachama klabuni nilivaa kanzu na kofia aliyoishona mama kwa mkono, zamani macho yakimtii. Mlangoni palikuwa na kibao: Tafadhali vua kofia. Hakuna aliyeniambia neno. Bawabu alikuwa na simu yake. Nikaivua mwenyewe, nikaikunja, nikaitia mfukoni haraka kama mwizi wa kuku.

Basi nikasimama mbele ya watu, upara unang'aa, nikawasomea jinsi baba alivyokataa. Nilipofika penye funguo sauti ilinikwama. Wakadhani ni uchungu wa mwana kwa mzazi, wakapiga makofi wamesimama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Mwenyekiti alinijia na sahani ya sambusa. "Mzee wangu, mbona umekuja kichwa wazi siku kama hii?"

"Kibao," nikasema.

"Kile? Kile ni cha chepeo za jua! Ijumaa nusu yetu twakaa humu na kofia zetu."

Nikacheka kupita kiasi. Baba aliamrishwa akakataa. Mimi sikuamrishwa na mtu, nikatii. Nikala sambusa tatu ili mdomo upate shughuli.

Nilivaa kofia tena kabla sijaingia mtaani. Mama alikuwa ameketi kitandani akinisubiri, amejifunga leso mpya.

"Ndoo hapa, mwanangu. Nisomea ulivyowasomea."

Nikamsomea, mwanzo hadi mwisho. Alinyoosha mkono akanipapasa kichwani, vidole vikafuata mishono yake mmoja mmoja.

"Uliwasomea nayo hii kichwani?"

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, machozi yakimtoka. "N'lichelea utaivua."