Mlango wa Bibi Kuluthumu

Mwaka 1972 Zamda, binti wa kijiji cha Mtendeni, aliomba nafasi katika chuo cha sanaa Dar es Salaam. Chuo kikamtaka apeleke kazi zake. Picha za karatasi alikuwa nazo, lakini kazi aliyojivunia zaidi, kundi la korongo wakiruka, aliichora kwenye mlango wa bibi yake, Kuluthumu.

"Basi tuung'oe," bibi akasema.

"Bibi! Utalalaje?"

"Nitatundika kanga. Niletee bisibisi!"

Wakacheka mpaka majirani wakaja kusaidia. Mlango ukabebwa mabegani hadi stesheni, Zamda akiufuata mbiombio, ukapakiwa kwenye behewa la mizigo.

Mwezi uliofuata ikaja telegramu: amechaguliwa! Bibi Kuluthumu akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.