Mistari Minne

Tarehe 4 Machi 2019 leseni ya karakana ya vioo iliandikwa upya kwa jina la binti. Kalamu ya almasi, ile ya kukatia, ilibaki mfukoni mwa baba yake. Mzee alimwachia siku mkono ulipoanza kumtetemeka, na hata hapo hakuitoa bila sharti.

"Kioo kinene kimebaki hiki kimoja," alisema. "Ukikiharibu nafunga mlango, chumba napangisha. Siwezi kukaa nione kazi yangu inachekwa."

Kioo kilikuwa cha chumba cha watoto wachanga katika zahanati ya jirani, ambako dirisha lilikuwa limezibwa kwa boksi na upepo ulipita utakavyo. Mchoraji wa jengo alikuwa ameandika vipimo kwa inchi: 41.375 kwa 23.5.

Futi ya karakana iligawa kila inchi kwa mistari minane. Baba yake, tangu ujana, alikuwa na nukta yake mwenyewe: kilicho kabla ya nukta ni inchi, kilicho baada yake ni mistari. Wateja wake waliandika hivyo hivyo, na hakuna dirisha lililowahi kugoma.

"Arobaini na moja na mistari mitatu," mzee alisoma. "Hizo sabini na tano ni mbwembwe tu."

Binti akapiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la meza. 375 juu ya 1000. Akagawa juu na chini kwa tano: 75 juu ya 200. Tena: 15 juu ya 40. Tena: 3 juu ya 8. Mistari mitatu kweli. Mzee alikuwa amepatia, ila kwa bahati.

Akakata upande huo. Kioo kikalia kidogo, kikaachia sawasawa.

"Sasa ishirini na tatu na mistari mitano."

"Minne, baba."

"Nini?"

"Nukta tano ni tano juu ya kumi. Ni nusu. Nusu ya inchi ni mistari minne."

"Sasa hivi tatu yangu na tatu yako zilikuwa ndugu. Hii tano imekosa nini?"

"Zile zilikutana njiani tu, baba."

"Kioo si kitambaa, mama. Ukipunguza, hutakitia kiraka."

"Na nikizidisha hakiingii kwenye fremu ya chuma. Halafu nani atamega mstari mmoja kwenye kioo kinene bila kuondoka na kona?"

Mzee aliikandamiza futi juu ya kioo. Kidole chake kilikuwa bado juu ya mstari wa tano. Binti alikisogeza polepole, kama anayemhamisha mtoto aliyelala, akaweka rula. Alichovya kalamu kwenye mafuta ya taa, akavuta mara moja bila kusita. Maji alishayavulia nguo. Akagonga kwa chini. Ufa ukakimbia wenyewe hadi ukingoni.

Zahanatini muuguzi alibandua boksi, akalikumbatia kifuani. Kona ya chini iliingia. Ya juu ikakwama. Mzee akageuka, akatazama ukuta. Binti alisukuma kwa kiganja, taratibu, na kioo kikaketi.

"Huyo mchoraji wako," mzee alisema akiwa bado anatazama ukuta, "mwambie siku nyingine aandike mistari kama watu wazima."

Zahanati imeagiza vioo vya wodi nzima. Jumatatu binti anaanza kukata.