Jenereta Isiingie Ndani

Nakumbuka siku ile ya mvua, mwanangu, kila mtu anaponiambia, kama wewe leo, kwamba amechimba kisima na sasa anatafuta jenereta ya kuvuta maji stima ikipotea.

Tulikuwa tukiishi Kapseret, karibu na Eldoret, na nilikuwa nimejifungua Chebet, kifungua mimba wangu. Stima ilikuwa imepotea tangu juzi, pampu ya kisima chetu haivuti, tangi limekauka, nepi zimejaa beseni. Mume wangu Kiprono hakujua maneno matamu, lakini hangevumilia kuniona nikikosa maji ya kuoga. Akaenda mjini, akarudi na jenereta, uso umejaa tabasamu kama bwana harusi.

Mvua ikaanza. Akaogopa mashine isilowe, tena akaogopa wezi, kwa hiyo akaiwasha ndani ya stoo, karibu na chumba nilicholala. Akarudisha mlango wa stoo ili kelele zisimwamshe mtoto, akatoka kwenda kulinda tangi lisifurike. Madirisha nilikuwa nimeyafunga mimi mwenyewe. Baridi ya Eldoret unaijua, na mtoto alikuwa mchanga. Tazama, mwanangu: kila tulichofanya tulikifanya kwa mapenzi. Nikasikia maji yakiingia kwenye tangi, nikamshukuru Mungu, nikasinzia.

Mama Njeri, jirani yetu mzee mwenye duka, alikuwa ananiletea uji. Alipofungua mlango, moshi ukampiga usoni. Aliniita. Nilimsikia, lakini kichwa kilikuwa kinapasuka na miguu ilikataa kabisa. Akamnyakua Chebet, mwili umelegea, akamtoa nje kwenye mvua. Kisha akarudi kunivuta mimi.

"Baba Chebet! Zima hiyo kitu! Zima saa hii!"

Mtoto alikaa kimya muda ambao hata leo naogopa kuukumbuka. Halafu akapiga chafya, akalia, na sisi watu wazima watatu tukalia pamoja naye. Hospitali walitutazama, wakaturudisha nyumbani salama.

Kiprono alikuwa hawezi kumtazama mtu machoni. "Mama, nilitaka tu wapate maji," alisema.

Mama Njeri hakumfokea. Alimshika bega. "Najua, kijana yangu. Lakini maji ikiisha, unakuja kwangu na mtungi, nakupatia. Sasa pumzi ikiisha, utaenda kuomba kwa nani?"

Basi sikia, mwanangu. Tahadhari kabla ya hatari. Jenereta ijengee kibanda chake cha mabati, kilicho wazi pembeni, mbali na milango na madirisha, moshi uelekee shambani. Mwite fundi akuunganishie waya wa kufika huko. Kama kibanda hakijakwisha na mvua inanyesha, acha mashine ingoje. Usiiwashe stoo, wala jikoni, hata dirisha likiwa wazi. Mwizi akiichukua, mwache aende nayo. Utanung'unika, kisha utanunua nyingine. Stima ikiwepo, jaza tangi, maana akiba haiozi. Na maji yakikuishia kabisa, usione haya. Chukua mtungi, bisha hodi kwa jirani. Mapenzi peke yake hayatoshi kulinda nyumba, mwanangu; lazima yaende na akili.

Mungu akupe kisima kisichokauka na majirani wanaobisha hodi bila kungoja kuitwa. Na wote wanaolala chini ya paa lako, awaamshe salama.